Kiingereza cha Mizigo

Kazini walimwita Taratibu, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa dereva wa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, katika ghala kubwa la mabati, na tangu aanze kazi hiyo, akiwa kijana asiye na ndevu, hakuwahi kuukimbiza mzigo. Wenzake walikata kona mpaka matairi yakalia; yeye aliteremsha paleti ya mbao na mzigo wake sakafuni kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Wapakiaji walimtania kwamba hata akienda msalani anapiga honi kwanza. Alicheka nao, akanywa nao chai, jioni akarudi nyumbani kwa mkewe.

Mkewe alikuwa mtu wa maneno mengi na yeye wa machache, wakapatana hivyo. Kisha mke akaugua. Homa ilianza kama homa ya kawaida, ikashuka, ikapanda tena, na kabla watu hawajajua wa kumlaumu, alifariki hospitalini wakati mumewe ametoka kwenda kununua maji ya kunywa. Aliporudi na chupa mkononi, nesi alimshika bega, akamwambia. Taratibu akauliza maji ayaweke wapi.

Kuanzia hapo alikufa ganzi. Mazishini alisimama alipoambiwa asimame, akaketi alipoambiwa aketi, akapokea pole za watu kama anavyopokea karatasi za mizigo. Hakutoa chozi. Shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, aliyatazama yale macho makavu akashindwa kuvumilia. Akawaambia wanawake aliokaa nao kwamba mdogo wake aliishi na gogo miaka yote hiyo. Maneno yakamfikia Taratibu, maana maneno ya msibani hayana breki, lakini hata hayo hayakumchoma. Alijiona kama mtu aliyeulalia mkono wake usiku kucha: mkono upo, ni wako, ukiufinya haukwambii kitu.

Msiba ulipokwisha alirudi kazini. Nyumbani alibaki na binti yake, mtoto wao wa pekee, fundi cherehani aliyewashonea wateja wake sebuleni. Walikula pamoja, wakaulizana habari za kutwa, wakaagana kwenda kulala. Kitanda kilikuwa kikubwa. Alilala upande wake uleule, ukutani, akauacha wa mkewe.

Haukupita muda ghala likauzwa. Wamiliki wapya wakaleta mashine mpya zenye vioo vya maandishi ya Kiingereza, na hati zote za mizigo zikawa za Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Msimamizi akawakusanya madereva na mafundi, akawaeleza kwamba kutakuwa na darasa pale kantini kila wamalizapo zamu ya asubuhi, na baadaye mtihani. Atakayefaulu atapanda mashine mpya. Atakayeshindwa atapangiwa kupakia kwa mikono au kulinda geti. Watu walinung'unika. Taratibu alirudi kazini. Kwake geti na foklifti vilikuwa sawa tu siku hizo.

Mwalimu alikuwa msichana mwembamba aliyetoka kufundisha sekondari. Siku ya kwanza alikiri mbele yao kwamba maneno anayo ila mizigo hana, basi itabidi wafundishane. Hilo liliwapendeza. Wakamletea paleti hapo kantini, wakamwonyesha pa kuingizia vyuma vya foklifti, naye akawaandikia ubaoni jina la kila kipande.

Aliyechangamsha darasa alikuwa fundi mitambo waliyemwita Spana, rafiki wa Taratibu wa siku nyingi. Kinywani mwa Spana, r na l zilikuwa mapacha wa kufanana. Mwalimu alipofundisha kwamba mzigo ni "load" na barabara ni "road", Spana alisimama akatangaza kwa Kiingereza, kifua mbele, kwamba ameibeba barabara mgongoni tangu asubuhi na anaomba msaada wa kuitua. Kantini nzima ikacheka mpaka mpishi akachungulia. Taratibu naye alicheka, yaani alifungua mdomo wenzake walipofungua.

Lakini kadiri darasa lilivyoendelea, jambo moja lilimshangaza. Alikipenda hicho Kiingereza. Maneno yake yalikuwa mepesi. Mwalimu aliandika "damaged", akaeleza kuwa ni mzigo ulioharibika. Akaandika "missing", mzigo uliomo kwenye hati lakini ghalani haupo. Taratibu aliyanakili, akayatamka, na hayakuwa na kitu ndani, kama makasha matupu yanayosubiri kukunjwa. Kiswahili hakikuwa hivyo. Kila neno la Kiswahili alilolishika alikuta mtu keshaliwahi, na sauti ya mtu huyo bado imo. Basi akaanza kujifunza kwa bidii iliyowashtua wenzake. Akawa anatembea uwanjani midomo ikimcheza.

Siku moja wakafika kwenye vitenzi. Mwalimu alieleza kwamba ukimzungumzia mtu mwingine, mmoja, na jambo analolifanya kila siku, lazima kitenzi ukifunge "s" mkiani. Watu walikuwa wakiisahau hiyo "s" kama watu wanavyosahau miavuli. Akamsimamisha Taratibu, ambaye hakuisahau kamwe, akamwomba atunge sentensi za maisha ya nyumbani kwake, za mtu yeyote.

Taratibu alisema kwa Kiingereza kwamba mke wake anaamka mapema. Akasema anafungua dirisha. Anafagia uani. Anamwita yeye jina lake mara mbili, mara ya kwanza kwa upole.

Kila kitenzi kilikuwa na "s" yake. Spana aliinamia meza akaanza kukwangua rangi yake kwa ukucha. Mwalimu, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza habari za msiba, alifurahi. Akamwambia vizuri sana, sasa azirudishe sentensi zote zilezile katika wakati uliopita.

Taratibu akazirudisha. Kwa Kiswahili ingekuwa kazi ndogo, kuondoa "na" na kuweka "li" basi. Kwa Kiingereza kila kitenzi kilibadilika kwa namna yake. Alifungua. Alifagia. Aliniita. Alikosea kile cha kuamka tu, mwalimu akamsahihisha, naye akakirudia mpaka kikanyooka. Kisha akaketi. Alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akakuta hakuna kitu.

Spana ndiye aliyebaki nyuma kumweleza mwalimu. Kesho yake yule msichana alimfuata Taratibu kwenye bomba la maji, macho yamemvimba.

"Mzee wangu, jana sikujua. Naomba unisamehe."

"Hukukosea kitu, mwalimu."

"Ungenikatiza tu."

Taratibu alikung'uta maji mikononi. "Kwa Kiswahili nisingeweza kuyasema," alisema. "Kwa Kiingereza yametoka, na hayakuniuma. Nipe mengine."

Mwalimu alifungua daftari lake. Akampa zoezi la vitenzi la ukurasa mzima.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwanzoni binti yake aliona ni mchezo, baba akimwomba chumvi kwa Kiingereza naye akimjibu kwa kile kidogo alichobakiza cha shule. Lakini mchezo haukuisha. Baba akawa anakula huku anakariri, anavua viatu huku anakariri, ukimwuliza jambo anakujibu kama anayesoma kibandiko cha kasha. Jioni moja binti alisimamisha cherehani, akamgeukia.

"Baba, ukimtaja mama unasema anapenda hiki, hapendi kile, kana kwamba yuko jikoni," alisema. "Ukichoka na hayo unaingia kwenye Kiingereza chako unafunga mlango. Mimi nibaki na nani?"

Taratibu aliinuka. Akachukua sahani yake akaenda kuiosha, na nyuma yake akasikia cherehani ikianza tena, kwa kasi.

Mtihani ulipofika alifaulu. Alisoma hati, akaeleza picha, akataja sehemu za mashine bila kusita. Spana alipita kwa kuponea chupuchupu, akatangaza kwamba tangu sasa yeye si fundi bali ni mhandisi wa barabara. Taratibu akapewa mashine mpya. Ilikuwa kimya, haikuwa na moshi, na alipoipandisha paleti hadi rafu ya juu kabisa, wapakiaji walisimama kutazama. Alijua hiyo ni siku ya kufurahi. Akawashukuru, akaendelea na kazi.

Ndipo shemeji alipotuma ujumbe kwamba anakuja kuchukua nguo za mdogo wake, zigawiwe ndugu kama ilivyokubaliwa msibani. Binti akasema atazifunga yeye. Taratibu akasema hapana. Alileta makasha matupu kutoka kazini, akafungua kabati, akaanza. Alipanga kama anavyopanga mzigo wa safari ndefu: viatu na makoti chini, magauni katikati, vitambaa vya kichwa juu, magazeti yaliyofinyangwa kwenye pembe ili kitu kisicheze. Hakukaa kunusa nguo wala kuzikumbatia. Alipomaliza akafunga kwa utepe wa gundi, akachukua kalamu nene akaandika juu ya kila kasha kwa herufi kubwa za Kiingereza: nguo, nyepesi, zisiloweshwe. Mwisho akaandika mwenye mzigo. Hapo alisimama kidogo, akatafuta neno kwenye kamusi aliyoazimwa na mwalimu, akaliandika.

Shemeji alifika na gari dogo la kukodi. Aliingia chumbani, akasalimia bila kumtazama, akayaona yale maandishi.

"Umeandika nini hapa, shemeji?"

Binti aliinama akasoma kwa sauti. "Nguo... nyepesi... mwenyewe ni mke wangu..." Alisita. "Baba, hili 'late' si kuchelewa? Mke wangu aliyechelewa?"

"Kwenye mizigo ni kuchelewa," alisema Taratibu. "Kwa mtu..." Alijikaza kisabuni, akajaribu tena. "Kwa mtu ni marehemu. Nimeandika nguo za marehemu mke wangu."

Hakuwahi kuyaweka maneno hayo pamoja. Sauti ilimtoka na mikwaruzo, akaishangaa kama ya mtu mwingine. Binti alikuja akamshika mkono. Shemeji akaketi kitandani, akaanza kulia taratibu, bila makelele, mgongo ukimtikisika. Taratibu alisimama akiutazama mgongo ule. Ulifanana na wa mkewe.

"Nilikuita gogo," shemeji alisema hatimaye.

"Nilisikia."

"Ukanyamaza."

"Sikuhisi kitu, shemeji. Hata sasa ni kidogo tu."

Shemeji alifuta uso kwa kiganja, akamwuliza binti kama kuna chai. Wakanywa chai watatu, wakizungumzia barabara inayochimbwa na bei ya vitambaa. Kisha Taratibu akabeba makasha mwenyewe. Dereva wa gari alitaka kuyarundika ovyoovyo. Akamsogeza pembeni kwa adabu, akayapanga, akayafunga kamba, akaijaribu kamba kwa kuivuta.

Gari lilipoondoka binti alisimama mlangoni mwa chumba. Kabati lilikuwa wazi na chumba kilionekana kama kimehamwa. Alisema kitanda kimekaa vibaya pale kilipo, mchana jua linampiga baba usoni siku za mapumziko. Wakakisukuma wote wawili hadi ukuta wa pili, mguu mmoja ukakwangua sakafu, vumbi likatoka chini yake pamoja na kifungo na sarafu ya zamani. Binti akafagia. Taratibu alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka ghalani. Alilala hapo hapo katikati ya kitanda na viatu vyake miguuni, na binti alipokuja kumwamsha kwa chakula alimkuta usingizini, akamvua viatu, akamfunika.