Shina la Mchaichai la Mavyaa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ungali mgongoni kwangu, nilipomkuta kijana wa dago, ile kambi ya wavuvi wageni, akitoka nyuma ya nyumba yetu hapa Miburani na mchaichai wote begani, mizizi inadondosha udongo.

Wote. Kwetu jirani akitaka chai hukata majani kwa kisu, shina akaliacha. Wala haombi ruhusa. Na shina lile mavyaa, bibi yako, alikuja nalo kutoka Chole siku alipoolewa, limezungushiwa gunia lililolowa maji, akalipanda yanapotokea maji ya bafu ili lisijue kiangazi. Maulidi yote ya mtaa huu yalinukia kwalo. Majani hufungwa fundo, kipande cha mdalasini, sukari kidogo. Ukionja, chai ya dukani hutaitamani tena.

Nikamzibia njia. Nikamuuliza kama kwao wakivua samaki hubeba na mwamba wake. Akasema wenzake wamerudi wamelowa, baridi imewaingia, na majani yenye mizizi hukaa mabichi zaidi. Kisha akaniita mwanamke wa kelele. Basi hapo nikampa kelele zenyewe, watu wakajaa.

Mavyaa akatoka na jembe. Hakunitazama mimi wala kijana. Aliitazama mizizi, imeanza kusinyaa juani.

“Hasira zako utazikuta hata jioni, mwanangu,” akaniambia. “Mizizi hii haifiki adhuhuri.”

Akalipasua shina kwa mikono yake, kipande kipande, akayapunguza majani, akatuinamisha wote wawili tupande huku yeye akimwagia maji. Vipande vingine akampa kijana pamoja na yale majani. “Kapande kwenu dago. Mwakani usinijie tena na bega.”

Jioni nikaenda dago kumalizia maneno yangu, maana hasira nilizikuta kweli. Kijana akanipa kikombe. Chai ilikuwa tamu, na hilo likaniudhi zaidi.

Leo mchaichai umelizunguka bafu letu, na dago wanachuma wa kwao.

Wanasema hasira hasara. Mimi upole sikufunzi, mwanangu, siuwezi. Ninachokuambia ni hiki: usimshughulikie aliyeng'oa huku mizizi inakauka. Panda kwanza, gomba baadaye. Na Mola akujaalie mkono wa bibi yako, kila utakachokipasua kizidi.