Mitungi Tisa

Kwetu Lubao watu hawahesabiwi. Unaweza kuhesabu magunia ya mahindi au vyungu, lakini ukimnyooshea mtoto kidole na kusema "wa tano," kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa anakupiga kofi la mkono hapo hapo. Kumhesabu mtu ni kumwitia mabaya. Jioni, ili ajue kama wajukuu wote wamerudi, kukhu alipanga sahani mezani na kila mtoto akachukua yake. Sahani ikibaki, kuna mtoto hayupo.

Nilitoka na desturi hiyo nyumbani nikaenda nayo pwani, nikafanya kazi hotelini, na mwishowe nikawa kiongozi wa wapiga mbizi. Kwa miaka sita nimewapeleka wageni kwenye visiwa vya mbali, mwendo wa siku mbili kwa meli, ambako hakuishi mtu, ni ndege tu. Nikija likizo, majirani hunitania. "Kwa hivyo unalipwa kuzama?" mmoja huniuliza kila mwaka, na kila mwaka hucheka upya.

Kanuni ya kazi hiyo ni fupi. Kabla boti haijaondoka mahali mlipozamia, kiongozi anaita kila jina na kila mtu anaitika kwa mdomo wake. Wenzangu wengine waliongeza kuhesabu vichwa kwa kidole. Mimi kile kidole kilinishinda. Nikaanza kuhesabu mitungi ya hewa iliyorudishwa kwenye fremu yake, ile rafu ya kuisimamisha botini, maana kila mpiga mbizi hupanda na mtungi wake, na kwa kuwa hesabu ilikuwa haikosei, nikaacha hata kuita majina. Nilijiona mwerevu.

Siku ninayoieleza tulikuwa tisa majini: wageni wanane na mimi. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Nairobi, mama wa miaka sitini na kitu, aliyejifunza kupiga mbizi baada ya kuacha kazi. Alikuwa mtulivu majini kuliko vijana wote wa safari ile, ila aliogelea polepole. Tulipoibuka, mkondo ulikuwa umewasukuma wengine nyuma ya mwamba. Nilimwonyesha boya kwa mkono nikamwambia, "Mwalimu, shika hapa usubiri. Tunawachukua wale halafu tunakurudia."

"Sawa, kijana wangu," alisema, akalikumbatia boya.

Chini ya boti yetu huning'inia mtungi wa akiba kwa ajili ya mtu atakayeishiwa hewa. Wageni walipokuwa wakipanda nyuma ya mwamba, mawimbi yaliugonga mtungi huo kwenye boti, na mwendesha boti akauvuta juu akauweka kwenye fremu pamoja na mingine. Sikumwona. Nilikuwa nawasikiliza wageni wakisimulia habari za papa waliyemwona.

"Mkubwa, wako sawa?" mwendesha boti aliuliza.

Nilitazama fremu. "Tisa. Twende."

Kwenye meli, wageni huacha viatu ndani ya kreti kabla ya kushuka kwenye boti. Tulikuwa tumeshakunywa chai nilipopita pale nikaona slipa za kijani, jozi moja, zimekauka. Sikuhitaji kuuliza ni za nani.

Tulimkuta bado amelishika boya, saa moja na zaidi tangu tumwache. Midomo ilikuwa imepauka na mikono imekakamaa, ikabidi tumfungue vidole kimoja kimoja. "Nilidhani mmenisahau," alisema, akijaribu kutabasamu.

Wageni wawili walikuwa wamekuja nasi na walikuwa wananitazama. Nikasema, "Mwalimu, si tulikubaliana urudi na sisi wote? Umesahau?"

"Wewe ndiwe uliniambia nisubiri." Aliwatazama wale wageni wawili, kisha mimi. "Ama nimesahau?"

Mwendesha boti aligeuza uso akatazama injini. Jioni ile niliandika ripoti, nikaandika kwamba mgeni alisahau maagizo. Mwalimu alipofika kuniaga mwisho wa safari, aliniomba radhi kwa usumbufu. Nilimpa mkono nikamwambia yameisha.

Miezi saba baadaye, nikiwa likizo nyumbani, alinitumia ujumbe. Watoto wake waliisoma ripoti, ambayo ofisi yetu ilimtumia nakala. Tangu siku hiyo akikosa kuona funguo, wanatazamana. Walishampeleka kwa daktari kupimwa kumbukumbu, na sasa walitaka aiache nyumba yake ahamie kwa binti yake. "Bado nauona mkono wako ukinionyesha boya," aliandika. "Kama nilisahau, niambie, nitakubali kuhama. Nakuamini."

Nilianza kumjibu. Niliandika maneno mengi kuhusu kwetu, kuhusu sahani, na jinsi mtu aliyelelewa hivyo asivyoweza kuhesabu watu. Kukhu alikuwa karibu nami akipukuchua mahindi, nikamsimulia kisa chote, nikitumaini nitasikia neno la kunipunguzia lawama.

"Unaniingiza mimi baharini?" alisema. "Mimi hata ziwa la Kisumu nililiangalia nikiwa mbali."

"Kukhu, wewe ndiwe ulitukataza kuhesabu."

"Nilikataza kidole. Nilikataza mdomo? Sahani ilikuwanga inaniambia kuna mtu hayuko. Kwani ilikuwanga inaniambia ni nani? Si nilikuwanga nasimama kwa mlango naita jina la kila mtu mpaka aitike?" Alinitupia punje. "Na wewe ndiye ulikuwanga wa mwisho kuitika. Ulikuwa unajificha kwa miwa ukinisikia."

Nilikuwa nimekumbuka sahani na kuisahau sauti ile mlangoni. Na hata hivyo, suala la sahani lilieleza tu jinsi nilivyomwacha. Halikueleza ripoti. Ile niliiandika nikiwa nimetulia, kwa mwandiko mzuri.

Nilifuta yote, nikaandika upya: "Hukusahau. Nilikuambia usubiri kwenye boya, ukasubiri. Nilihesabu mitungi badala ya kuita majina, na mtungi wa akiba ulikaa mahali pa wako. Kisha niliandika uongo ili nisifukuzwe kazi. Waonyeshe watoto wako." Nilituma nakala kwa ofisi yetu pia, nikijua watakachonifanya.

Mwalimu alijibu kabla chai yangu haijapoa.

"Kwa hivyo akili yangu ni nzima."

Niliendelea kuitazama simu mpaka kukhu akamaliza mahindi yake na kuinuka kupika. Neno jingine halikuja, na sikuwa na haki ya kuliomba.