Vitabu vya Musembi Vyahama Chumba

Mume wangu Musembi alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, na kwa miaka hiyo yote hakutupa hata karatasi. Vitabu vya hesabu, vya jiografia, vya kilimo, magazeti ya kanisa, vyote alivirundika katika kile chumba kidogo cha nyumba yetu hapa Kabati, kutoka sakafuni hadi karibu na mabati. Serikali ilipobadilisha mtaala mwaka wa themanini na tano, walimu wenzake wakamletea na vya kwao, ati wao wavipeleke wapi. Akavipokea kwa mikono miwili. Nikimwambia mchwa watatumaliza, ananijibu, "Mama Syombua, elimu haiozi." Elimu haiozi! Na mchwa je, wao husoma?

Lakini nilivumilia. Mwanamume mwingine angeniletea pombe au mke wa pili. Wangu aliniletea jiografia.

Basi mwaka uliofuata, Jumatatu moja ya Agosti, tukapata barua ya binti yetu Syombua, aliyekuwa ameolewa upande wa Mwingi. "Nakuja Jumamosi na watoto wangu wawili. Huku sirudi tena. Mwaitu, mama yangu, niombee baba anipe pa kulala." Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekuja vivyo hivyo, jicho limevimba, na babake akamrudisha kwa mumewe. Alisema nyumba haina nafasi, na tena mbuzi wa mahari wa watu tulishakula. Mimi nilinyamaza. Kunyamaza kwangu kule kunaniuma mpaka leo.

Safari hii sikunyamaza. Nilimsomea ile barua mara mbili, nikamwambia, "Baba Syombua, Jumamosi ikifika na chumba kile bado kina vitabu, mimi na mtoto wangu tutalala nje, na wewe ulale na jiografia yako." Kesho yake asubuhi nilimkuta anafunga vitabu kwa kamba ya katani.

"Unavipeleka wapi?"

"Sokoni. Nitavigawa bure. Nikiuza, watanunua watu wa njugu wafungie njugu."

Alikaa sokoni mchana kutwa, vitabu vimepangwa mbele yake juu ya gunia, na jioni akarudi navyo vyote. Hakuna aliyegusa hata kimoja. Badala yake, Jumatano asubuhi, akina mama wa kanisa waliingia kwangu wamebeba kuni na sukari. Wakaimba, wakaomba, wakaimba tena. Kiongozi wao, Syokau, akanishika mkono. "Pole sana, Ndila. Madaktari wamesema amebakisha muda gani?"

"Nani huyo?"

"Si Mwalimu? Mtu mzima wa afya hagawi mali yake bure."

Aiya! Kumbe soko zima lilikuwa limeshamzika mume wangu! Watu wetu waliamini kwamba mzee akianza kugawa vitu anaaga, na kitu cha mtu anayeaga kina wosia ndani yake, usipoutimiza utajuta. Ndiyo maana walikuwa wakivikwepa vile vitabu. Na marehemu mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, mzima kama punda! Nikamwita kwa sauti, "Hebu njoo uonyeshe watu kwamba unapumua!" Akaja na shoka mkononi, jasho linamtoka, na akina mama wakaaga haraka haraka. Sukari sikuirudisha.

Aliyetuokoa ni Gathoni, mama wa kutoka Murang'a mwenye hoteli ya chai kando ya soko. Alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa nyinyi Wakamba mnaogopa zawadi? Basi isiwe zawadi. Mwalimu, mimi nachukua hivi viwili vya watoto wangu, na hii karai nakuachia, niko na ingine. Tumebadilishana. Wosia uko wapi hapo?"

Neno hilo lilizunguka soko zima kabla chai haijapoa. Alhamisi watu walianza kumiminika kwetu, na kila mmoja alileta kile kilichokuwa kinamsumbua nyumbani kwake: taa isiyo na kioo, redio ya kuvuma tu, jogoo asiyewika, buti moja la mpira. Musembi akawahoji mmoja mmoja mlangoni. "Utasoma, au utafungia njugu?" Mzee mmoja alikiri kwamba ni njugu, akarudishwa na taa yake.

Vitabu vilipungua, ndiyo, lakini takataka ziliingia kwa wingi ule ule. Ijumaa asubuhi nilifungua mlango wa chumba, lile buti likaniangukia kichwani. Nilikaa pale pale chini nikalia. Kesho ilikuwa Jumamosi, na mtoto wangu angekuja akute kwa mara ya pili kwamba kwao hakuna nafasi yake.

Musembi akatoa kabatini atlasi yake kubwa, ile aliyopewa na shule siku ya kustaafu, ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuifuta vumbi. Akatoka nayo kwapani. Aliporudi alikuwa na Abdow, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Garissa, wamebeba kitanda.

"Mama, mimi nahamia kwa ndugu yangu, kitanda kimenizidi," Abdow alisema. "Lakini nimemwambia mzee, kitabu hiki ni kizuri mno, asije akajuta."

"Sijuti," Musembi alisema, akageukia ukutani mpaka Abdow alipoondoka na atlasi.

Siku hiyo nzima, kila aliyekuja kuchukua kitabu alilazimishwa kuchukua na kitu cha mwenzake. Fundi viatu akaondoka na buti. Jogoo nilimbakisha nimchinjie Syombua. Kufika jioni chumba kilikuwa na kitanda, karai, na rafu moja ya vitabu ambavyo sikuwa na moyo wa kumnyang'anya.

Syombua alifika Jumamosi mchana, mtoto mmoja mgongoni, mwingine amemshika mkono. Nilimkumbatia, lakini alikuwa amekauka kama gogo. Alisimama kwenye mlango wa kile chumba, akakitazama kitanda bila kukikaribia. Kisha akamwuliza babake, "Baba, nitakaa mpaka lini?"

Mwalimu wa miaka thelathini na mmoja akatoka nje. Alirudi na nyundo, misumari na komeo jipya. Akapiga magoti mlangoni, upande wa ndani, akaanza kulipigilia. Alichukua muda mrefu, nami sikumsaidia.

"Utakuwa unafunga mwenyewe," alimwambia alipomaliza. "Hakuna mtu wa kukutoa humu, hata mimi."

Syombua aliingia na watoto wake. Tukasikia komeo likifungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Mume wangu alisimama pale nje na nyundo yake, machozi yanamtiririka, na mimi nilimpenda siku hiyo kuliko siku aliyonioa.