Mgeni Aliyeomba Mpunga wa Mbegu

Katika miaka ya hamsini, mafuriko ya Kilombero yalipopungua, mwalimu wa shule ya misheni alimleta nyumbani kwetu Ifakara Mmarekani aliyetaka kujua wakulima wanaweka akiba gani. Mwalimu alitufasiria kwamba mgeni alikuwa wakili kwa miaka mingi, kisha akateuliwa kuwa mmoja wa wakubwa wa benki kuu ya kwao, ile inayotoa noti.

Mama hakuacha kupepeta. “Mwalimu, mwanangu, mtu aache kutetea watu akachunge pesa? Na mwenye kutoa noti anatafuta nini kwangu?”

Mgeni alilitazama kapu la mpunga wa mbegu, mbegu pekee tuliyoiokoa majini. Akaomba punje chache akawaonyeshe wenzake.

Kwa mama, mwenye pesa za nchi nzima hawezi kukosa chakula. Akiomba mbegu, anataka shamba.

Mama aliingia ndani, akatoka na konzi ya mchele uliokwisha kutwangwa, akampa kwa mikono miwili. Mgeni alishukuru sana.

Gari lilipoondoka, mama alinigeukia. “Haya, akapande.”