Injini ya Papa na Kamba za Tonton

Juzi nilirudi Kisangani kumwona mdogo wangu. Pale Makiso kijana mmoja akanipakia kwenye pikipiki yake pamoja na mizigo yangu miwili, na hata hatujafika mbali mnyororo ukachomoka. Akateremka, akaurudisha kwa vidole, akajifuta kwenye suruali. Ile harufu ya grisi iliyopata joto ikanipanda puani, na mimi, bibi mwenye wajukuu, nikabaki nacheka peke yangu kando ya barabara. Kijana alidhani nimechanganyikiwa. Acha nikueleze wewe, maana yeye hakuwa na nafasi ya kunisikiliza.

Miaka ya hamsini, mji ukiitwa bado Stanleyville, tulikaa karibu na maporomoko, mahali ambapo watu huzungumza kwa sauti kubwa hata wakisengenya, kwa sababu wamezoea kushindana na maji. Papa alifanya kazi kwenye karakana ya mashua bandarini. Mdogo wake Mama, ambaye sisi watoto tulimwita Tonton, alikuwa mvuvi, mtu wa kutega mitego mikubwa ya matete kwenye maji makali. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kulowesha kamba zake, zile za mimea ya porini, zilainike kabla hajaenda kufungia mitego. Mikono yangu ilinuka mto siku nzima, hata nikila lituma ya Mama, ndizi zile za kupondwa, niliusikia mto ndani yake.

Shule ya masista ilikuwa upande wa pili wa mji, njia ya Simi-Simi. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda kwa miguu, na nikachelewa mara nyingi hadi sista akamwambia Mama kwamba nikichelewa tena mwaka unaofuata, nafasi yangu atapewa mtoto mwingine. Papa hakuweza kunisindikiza na kuwahi kazini. Basi wakaamua: shule zikifunguliwa kabla hajapata njia ya kunifikisha, nitabaki nyumbani kubanika samaki. Nililia sana. Nilikuwa na miaka saba, na samaki nilishawajua vya kutosha.

Bahati ikaangukia mtoni. Pikipiki ya mfanyabiashara mmoja iliponyoka ikishushwa kutoka melini, ikagonga gati, fremu ikapinda vibaya, na mwenyewe akaitelekeza. Msimamizi wa karakana akamruhusu Papa achukue injini. Jirani yetu, katekista, alikuwa na pikipiki ya zamani ambayo injini yake ilikuwa imekufa, lakini fremu na magurudumu vilikuwa vizima. Akatupatia. Papa akaifungua injini juu ya mkeka wa Mama, akaosha kila kipande kwa petroli, na mkeka ule haukufaa tena kulaliwa na mtu.

Tabu ilikuwa moja. Injini ilikuwa pana kuliko ile ya kwanza, na matundu yake ya buloni hayakukutana na ya fremu. Papa alihitaji vipande viwili vya chuma kinene vya kuunganisha, na chuma hakikupatikana. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumanne.

Jumamosi Tonton akaja na mzigo wa kamba begani.

"Shemeki, hii kamba inashikaka mutego mu maji ya nguvu," alisema. "Itashindwa na kachuma kadogo?"

"Injini inatetemekaka," Papa akasema.

"Na maji je? Haitetemekake?"

Papa akamsogezea injini. Tonton akaifunga kwenye fremu kwa kamba. Nakuhakikishia sijaona tena mafundo mazuri kama yale. Majirani walikuja kuyatazama, na yeye akawa anayaeleza moja moja.

Jumapili baada ya misa Papa akapiga kiki, moshi ukatoka, injini ikanguruma. Nikapanda nyuma. Tukapita nyumba ya katekista, wanawake wakapiga vigelegele, nami nikajiona nimeshaingia darasani. Wakati wa kurudi nikasikia kitu kinalegea chini yangu. Injini ikasogea, mnyororo ukachomoka, tukasimama. Tulisukuma hadi nyumbani mbele ya watu walewale.

Tonton hakukata tamaa. "Bon, kamba imekauka tu. Mutoto ashike birika, akuwe anamwanga maji mu njia."

"Maji ya baridi juu ya chuma ya joto? Unataka ipasuke?" Papa alifoka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mimi ndiye niliyelowesha kamba zile kila siku, nilizijua kuliko wote wawili, na sikuona haya kusema. "Tonton, kamba yako inakazaka sababu iko mu maji. Hapa inaiva. Miye nitakosa masomo."

Kwetu hakuna aliyewahi kumwambia mvuvi kwamba kamba yake imeshindwa. Tonton akaondoka bila kuaga, nami nikajua nimeharibu kila kitu.

Jumatatu asubuhi alirudi amebeba kile chuma kinene alichotumia kama nanga ya mtumbwi wake. Akakiweka miguuni pa Papa. "Kata," akasema. Papa akakikata karakanani vipande viwili, akatoboa matundu ya injini upande huu, ya fremu upande ule. Jioni wakavuta uzi wa nyavu wa Tonton kutoka meno ya mnyororo kwenye injini hadi meno ya gurudumu la nyuma, wapate kuona kama mnyororo utakwenda sawa. Uzi ulinyooka. Jumanne nilifika shuleni kabla ya kengele, na mwaka ule sikuchelewa hata siku moja.

Papa hakujua kusoma. Muhula ulipokwisha alinisimamisha mbele ya injini, akanionyesha maneno yaliyochongwa ubavuni mwake. "Soma." Nikayafuata kwa kidole, herufi kwa herufi, kwa Kifaransa changu kipya cha masista. Yalisema mafuta yabadilishwe mara kwa mara.

"Ni mafuta tu?"

"Mafuta tu, Papa."

Akakaa chini. Akaniambia kwamba kila alipokutana na Mzungu njiani aliyaficha maneno yale kwa goti, mpaka suruali ikaungua, kwa kuwa alidhani ni jina la mwenye pikipiki, na kwamba siku moja mtu atalisoma na kumnyang'anya.

Pikipiki ile sijui iliishia jalala gani. Papa na Tonton wamekwisha kufa. Mimi nilikuja kuwa mwalimu, nikasoma vitabu vingi, vingine vizuri kweli. Lakini asubuhi baada ya mimi kumsomea maneno yale tulipita mbele ya ofisi za wakubwa wa Kizungu, Papa amekaa wima, goti kaliweka mbali na injini, na ningetoa vitabu vyote nipande tena nyuma yake.