Sentensi Moja kwa Siv

Wanafunzi wazee mimi huwa siwataki, wabishi mno. Lajos alipoingia kwenye darasa langu la Kiswidi hapa Gävle, na umri wake ule na kofia hataki kuivua, nikajua leo nimepatikana.

Alikuwa dereva wa lori, Mhungari, maisha yake yote yameishia barabarani. Nyumbani mkewe Siv, Mswidi mwenzangu, alisema naye Kihungari. Alijifunza kwa ajili yake tu, wala hakumdai naye ajifunze chochote. Basi Lajos akazeekea Uswidi akijua kwa Kiswidi kuagiza kahawa na kulaani barafu tu. Sasa Siv yuko kwenye nyumba ya wazee, akili inamtoka kidogo kidogo, na Kihungari ndicho kilichotangulia kwenda. Kilichobaki ni Kiswidi chake cha utotoni. Mumewe akienda kumwona anakaa pembeni kama bubu.

"Mwalimu," akaniambia kwa Kiswidi cha kuokoteza na mikono, "nataka sentensi moja tu, kabla hajanipotea kabisa. Nimwambie nimempenda siku zote."

Nikamwambia kwanza aniite Gunvor, hapa hatuitani mwalimu. Halafu sentensi haiji peke yake, inakuja na vitenzi, na vitenzi vyetu vina visirani. Chukua hålla, kushika. Kibandike kineno av nyuma yake, si kushika tena, ni kumpenda mtu kwa moyo. Kibandike ut, ni kuvumilia. Na sauti uikandamize kwenye hicho kineno kidogo, la sivyo watu watakukodolea macho. Hapo bado hujakipeleka kitenzi wakati uliopita, na "siku zote" inataka kukaa katikati ya sentensi, mahali ambapo Lajos alikataa katakata kuiweka.

"Kitenzi gani hiki," akalalamika, "kinashika, kinapenda, kinavumilia? Si kiamue?"

Nikamjibu kwamba Siv mwenyewe hakuamua, aliyafanya yote matatu. Nilikuwa namtania. Hakucheka, akainama akaendelea kuandika.

Lakini kazi alifanya, hilo simnyimi. Baridi yote ile nilikuwa nikimkuta kituo cha basi anajisemea peke yake, mvuke unamtoka mdomoni, watu wanakaa naye mbali. Theluji ilipoanza kuyeyuka alikuwa anaisema sentensi yake bila kosa, na maongezi ya kawaida anayaweza pia. Akaniomba nimsindikize, maana anaogopa. Nikaoka mikate ya mdalasini, tukaenda.

Siv alikuwa dirishani, kachanwa nywele vizuri. Lajos akamsalimu kwa Kiswidi. Uso wa mama wa watu ukachangamka, akanyoosha mkono, akasema, "Asante kwa siku ile."

Lajos akanigeukia, machozi yanamlengalenga. "Gunvor, amenikumbuka."

Moyo wangu ulivunjika palepale. Sisi hapa ndivyo tunavyomsalimu mtu yeyote tuliyewahi kukutana naye, hata fundi bomba. Tunamshukuru kwa mara iliyopita. Ni adabu tu, mdomo unajisemea wenyewe hata kama kichwani hamna kitu. Ningemwambiaje, na uso wake ulivyong'aa? Nikajishughulisha na kumimina kahawa.

Akavuta kiti, akaushika mkono wa mkewe, akaisema. Kila neno lilikaa mahali pake, na sauti akaikandamiza palepale nilipomfundisha. Sijawahi kumsikia mgeni akiisema vizuri namna ile.

Siv akautoa mkono wake taratibu, akauweka mapajani.

"Bwana, mimi nina mume," akasema, wala hakukasirika. "Yuko njiani na lori."

 Nilidhani Lajos atanyanyuka aondoke. Badala yake akamuuliza, kwa Kiswidi safi kabisa, kama huyo mume ni mtu mwema.

"Mwema sana. Ila hajawahi kusema nami kwa lugha yangu, hata mara moja. Nilimngoja weee." Akamtazama Lajos vizuri, nadhani alimwonea huruma. "Wewe unajua kusema. Siku ukikutana naye, mfundishe."

"Nitamfundisha," Lajos akasema, akaanza kumkatia mkate wa mdalasini vipande vidogo vidogo.