Papa na jiko langu la sambusa

Jamani, leo Papa amenitangaza mbele ya mtaa mzima wa Kabeza!

Papa huyuhuyu anayewaambia majirani nikimaliza chuo naingia benki. Sambusa zangu? Aibu ya nyumba.

Asubuhi tumemaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, tumekaa mkutanoni. Kiongozi wa mtaa akauliza, "Kuna kijana hapa aliyejiajiri?"

Papa akainama, akaanza kukwangua tope kwenye buti.

Mama jirani akapaza sauti: "Yule wa sambusa! Binti zangu wawili wanafanya kazi kwake!"

Makofi!

Papa huyo, kasimama wima. "Ni binti yangu. Jiko la kwanza nilimnunulia mimi."

Sha! Jiko nilinunua mwenyewe, naye akakataza lisiingie ndani.

Mngekuwa ninyi mngemuumbua?

Mimi sikumuumbua, nimelibeba tu jiko langu hadi ndani. Jioni hii jiko liko jikoni kwake.